Tetemeko Lililobatizwa Moto

Nyumba yako ilianguka ndipo ikaungua, au iliungua ndipo ikaanguka? Kwa Kiswahili swali hili linasikika kama mchezo wa watoto wa kutatanisha ulimi. Kwa mwenye nyumba wa San Francisco mwaka 1906 halikuwa mchezo hata kidogo. Jibu lake ndilo lililoamua kama angejenga tena au angeendelea kulala hemani.

Tetemeko lilipiga Jumatano ya Aprili 18, saa 11 na dakika 12 alfajiri, likadumu kwa muda wa karibu dakika moja. Ufa wa San Andreas, ule mpasuko mkubwa wa miamba chini ya ardhi ya California, ulipasuka kwa urefu wa karibu kilomita 480, kuanzia San Juan Bautista upande wa kusini hadi karibu na Cape Mendocino kaskazini. Ukubwa wake leo unakadiriwa kuwa 7.9. Moto ukazuka sehemu nyingi kwa mpigo, ukawaka siku tatu. Ulipozimika, majengo zaidi ya 28,000 yalikuwa majivu, na katika jiji la watu 400,000 hivi, wapatao 225,000 hawakuwa na pa kulala. Hayo yamesimuliwa sana na sitayarefusha. Ninachotaka kukizungumza ni jina.

Wiki moja tu baada ya maafa, bodi ya mawakala wa ardhi na majengo ya San Francisco ilikutana na kukubaliana kwamba tukio lile lisiitwe "tetemeko kuu". Liitwe "moto mkuu". Kampuni ya reli ya Southern Pacific, iliyokuwa na ardhi tele California pamoja na jarida lake lenyewe la kuwavutia wahamiaji, Sunset, ikauimba wimbo huohuo. Hesabu yao haikuwa ngumu kuielewa. Chicago iliungua mwaka 1871, ikajengwa ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa. Baltimore iliungua mwaka 1904 na tayari ilikuwa inainuka. Moto ni jambo la kibinadamu: una kikosi cha kuuzima, una bima yake, una mtu wa kulaumiwa, na ukishazimika umezimika. Tetemeko hurudi. Nani atatoa mkopo wa kusimamisha ghorofa kumi juu ya ardhi yenye tabia hiyo?

Msomaji mwenye haki atanikatiza hapa: si kweli kwamba moto ndio ulioteketeza sehemu kubwa ya jiji? Ni kweli. Ndiyo maana jina lile lilishika. Uongo mtupu usingedumu wiki mbili mbele ya watu waliokuwa wametupwa chini kutoka vitandani mwao. Hii ilikuwa nusu ya ukweli, na kazi yake ilikuwa kuifunika nusu ya pili.

Hebu tuitazame nusu hiyo. Mkuu wa zimamoto, Dennis Sullivan, alikuwa amelala katika kituo chake cha mtaa wa Bush pale sehemu ya juu ya hoteli ya jirani ilipoporomoka na kupasua paa lake. Alikufa siku nne baadaye bila kutoa amri hata moja. Ni yeye aliyekuwa ameomba kwa miaka kadhaa ijengwe mitambo ya akiba ya kuvuta maji ya bahari. Mabomba makuu ya kampuni binafsi ya maji, Spring Valley, yalikatika yalipovuka vinamasi na ufa wenyewe. Ndani ya jiji, mabomba madogo yalivunjika hasa kwenye ardhi ya kufukia, yale maeneo ya zamani ya ghuba na vijito yaliyojazwa mchanga na takataka ili viwanja vipatikane. Katika mtaa wa Valencia, hoteli ya ghorofa nne iliyojengwa juu ya ardhi kama hiyo ilizama, wapangaji wa juu wakatokea madirishani wakakanyaga barabara, na wa chini wakabaki huko chini. Bomba kubwa la maji la mtaa huohuo lilipasuka papo hapo. Kisha, saa chache baadaye, mtaa wa Hayes, mama mmoja aliwasha jiko apike kiamsha kinywa, asijue kuwa dohani yake imepasuka. Moto wa jiko lile ulipewa jina la kifungua kinywa chenyewe, nyama na mayai, na ukala sehemu kubwa ya jiji. Sasa niambie, huo ni moto au ni tetemeko?

Waswahili tunasema dawa ya moto ni moto. Wanajeshi wa Jenerali Frederick Funston waliitumia falsafa hiyo bila kuijua, na bila kuiweza. Walilipua majengo kwa baruti ili kuunyima moto njia, lakini mara nyingi walichelewa, au walitumia baruti nyeusi inayorusha cheche, na jengo lililolipuliwa likawa chanzo cha moto mpya. Kando ya hayo, Meya Eugene Schmitz alitoa tangazo la kuwaruhusu askari na polisi kumuua yeyote atakayekutwa akipora au akitenda kosa jingine lolote. Sheria ya kijeshi haikuwa imetangazwa. Hakuna aliyejali.

Nirudi kwenye bima, maana hapo ndipo jina lilipokuwa na bei inayoweza kuhesabiwa.

Wenye mali wa San Francisco walikuwa na bima ya moto. Ya tetemeko ilikuwa adimu mno. Mikataba mingi, tena, ilikuwa na kifungu kinachosema kwamba jengo likianguka kwa sababu nyingine yoyote isipokuwa moto, bima inakoma hapohapo. Ukuta uliobomoka alfajiri na kuungua saa sita mchana ulikuwa, machoni pa kampuni, ukuta ambao umeungua ukiwa hauna bima. Basi picha zikageuka dhahabu. Mtu aliyepiga picha ya mtaa wako ukiwa bado umesimama, moshi ukionekana nyuma, alikuwa ameshika nyumba yako mkononi. Maofisa wa jeshi waliripoti pia kwamba baadhi ya watu walizitia moto wenyewe nyumba zao zilizopasuka. Mimi sioni sababu ya kuwahukumu. Walikuwa wameisoma mikataba yao, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi.

Kuna kichekesho kikali humu, na sijakiona kikisemwa vya kutosha. Wakuu wa jiji walitaka liitwe moto ili wawekezaji wasikimbie. Wenye nyumba walitaka liitwe moto ili walipwe. Wenye mabenki walitaka liitwe moto kwa sababu wenye nyumba ndio wadeni wao. Waliobaki kusema tetemeko, tetemeko, tetemeko, mbele ya mahakama na magazetini, walikuwa mawakala wa kampuni za bima. Ukweli kuhusu ardhi ya California ulibaki midomoni mwa watu wasiotaka kulipa. Ukweli ukiwa na wakili wa aina hiyo, nani ataushangilia?

Kampuni hazikufanana. Huko London, Cuthbert Heath wa soko la bima la Lloyd's alimpelekea wakala wake simu ya maandishi akimwagiza awalipe wateja wote kikamilifu bila kujali masharti ya mikataba yao, na biashara ya Lloyd's Marekani inaishi kwa heshima ya simu ile mpaka leo. Baadhi ya kampuni za Ujerumani zilikataa katakata na kufungasha. Nyingine nyingi zilikaa mezani na kukubaliana na wateja walipwe robo tatu ya walichodai, na mtu aliyelala hemani miezi mitatu huikubali robo tatu. Kwa jumla hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 400 za wakati ule, na kampuni za bima zikalipa zaidi ya milioni 200.

Fedha hizo zilikuwa dhahabu, na nyingi zilitoka Uingereza. Dhahabu ilipozidi kuvuka Atlantiki, Benki ya Uingereza iliingiwa na hofu, na Oktoba 1906 ikapandisha riba hadi asilimia 6. Mikopo ikawa migumu New York. Mwaka uliofuata, Oktoba 1907, wateja walifurika kwenye kampuni ya amana ya Knickerbocker kudai fedha zao, na Marekani ikaingia katika msukosuko wa kibenki uliozaa, mwaka 1913, benki kuu ya nchi hiyo, Federal Reserve. Wanahistoria wa uchumi wanabishana kuhusu uzito wa kila kiungo katika mnyororo huu, lakini kiungo cha San Francisco kimo. Dohani ya mtaa wa Hayes ina mkono wake katika Federal Reserve, ingawa mkono mdogo.

Sasa wanasayansi. Gavana George Pardee aliunda tume ya uchunguzi siku tatu tu baada ya tetemeko, mwenyekiti wake akiwa Andrew Lawson wa Chuo Kikuu cha California. Ni Lawson huyuhuyu aliyekuwa ameupa ufa wa San Andreas jina lake mwaka 1895, akidhani ni kitu kifupi cha kijijini. Tume ilipewa kila kitu isipokuwa fedha. Jimbo lililokuwa limetoka kupasuliwa halikutoa hata gharama za kuchapisha ripoti. Zililipwa na taasisi ya Carnegie ya Washington, na ripoti ikatoka mwaka 1908. Mmoja wa wajumbe, Harry Fielding Reid, alizitazama nyua za mashamba zilizokatika na kusogea, penginepo mita kadhaa, akaeleza mwaka 1910 jinsi miamba inavyokunjika polepole kama upinde kwa miaka na miaka kisha ikafyatuka. Fundisho hilo ndilo msingi wa elimu ya matetemeko duniani kote. Mji uliolipa gharama ya somo haukutaka kulisikia. John Casper Branner wa Stanford, mjumbe mwingine, alilalamika miaka michache baadaye kwamba mtu akitaja matetemeko California anaonekana adui wa maendeleo.

Kutoka Japani alikuja mtaalamu mkubwa kuliko wote wa wakati ule, Omori Fusakichi, akiwa na vipimo vyake. Alipigwa mawe mitaani. Japani ilikuwa imetoa karibu robo milioni ya dola kuwasaidia wahanga, kiasi ambacho nchi nyingine zote za nje zikijumlishwa hazikukifikia. Oktoba mwaka huohuo bodi ya shule ya San Francisco iliamuru watoto wa Kijapani, ambao hawakufika mia moja, waondolewe katika shule za kawaida na kupelekwa kwenye shule ya kibaguzi iliyotengwa kwa watu wa Asia. Rais Theodore Roosevelt alilazimika kuingilia ili mambo yasiharibike na Tokyo.

Nisimfanye Omori malaika, lakini. Nyumbani kwake, mwenzake Imamura Akitsune alikuwa ameandika mwaka 1905 kwamba Tokyo ikipigwa na tetemeko itaungua, na watu laki moja au zaidi watakufa. Omori alimkemea hadharani kuwa anatia watu hofu bure. Septemba 1, 1923, Omori akiwa ziarani Sydney, alisimama mbele ya kipimo cha matetemeko akaona sindano ikirukaruka. Tokyo na Yokohama zilikuwa zinaungua, na waliokufa walizidi laki moja. Alirudi mgonjwa, akafa miezi miwili baadaye. Naona kisa hiki kinafaa kukumbukwa kila tunapodhani kuficha ni tabia ya wafanyabiashara peke yao.

Lakini kilele cha mambo, kwangu mimi, ni kanuni za ujenzi. Wahandisi wa San Francisco walijua kabisa kilichotokea. Waliona majengo ya fremu za chuma yakisimama na ya matofali matupu yakimwagika. Walitaka majengo mapya yaweze kustahimili kusukumwa kwa ubavu. Wangeiandikaje kanuni ya tetemeko katika jiji ambalo halikuwa na tetemeko? Wakaiandika kama kanuni ya upepo. Jengo jipya lilitakiwa kustahimili upepo wa ratili 30 kwa kila futi ya mraba. Hiyo ilikuwa akili, na ilikuwa na ujasiri wa aina yake. Ila kitu kilichofichwa jina hakina wa kukitetea. Miaka ilivyosonga, watu wakauliza ni upepo gani huo unaovuma San Francisco kiasi hicho, kiwango kikashushwa hadi 20, kisha 15. Hakuna aliyeweza kusimama kusema: ndugu zangu, ule haukuwa upepo. California ilingoja tetemeko la Long Beach la mwaka 1933, lililobomoa shule nyingi ambazo kwa bahati hazikuwa na watoto saa ile, ndipo ikatunga sheria za jimbo zima zinazolitaja tetemeko kwa jina lake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kingeweza kuwaumbua watoto wa wenzao, kilomita mamia kadhaa kusini.

Kwenye maji, niwe mkweli, jina la moto lilizaa pia mema. Mwaka 1908 wapiga kura waliidhinisha mkopo wa zaidi ya dola milioni 5 wa kujenga mfumo wa pili wa maji kwa ajili ya zimamoto peke yake: matangi vilimani, mabomba mazito, visima chini ya njia panda, pampu za maji ya bahari. Ni kile alichokuwa akikililia Sullivan. Ulikamilika mwaka 1913 na bado unatumika.

Mwaka huohuo wa 1913, hata hivyo, jina lilelile lilitumika bungeni Washington kushinda vita nyingine. Jiji lilikuwa linalitamani bonde la Hetch Hetchy, ndani ya hifadhi ya taifa ya Yosemite, tangu kabla ya tetemeko, na lilikuwa limeshakataliwa. Baada ya 1906 lilikuwa na hoja mpya isiyopingika kirahisi: tuliungua kwa kukosa maji. Mpinzani mkuu, John Muir, alishindwa, sheria ikapita, bonde likazamishwa, na mwaka 1934 maji yakaufikia mji kutoka milimani. Mimi si mpinzani wa mabwawa. Watu lazima wanywe. Lakini siku ile ya Aprili matangi ya ndani ya jiji yalikuwa na mamilioni ya galoni. Kilichokosekana kilikuwa mabomba mazima ya kuyafikisha mtaani. Bwawa lililo zaidi ya kilomita 200 mbali lisingeziba hata ufa mmoja wa mtaa wa Valencia.

Moto ule uliunguza pia karatasi, na hapo hadithi inapinduka.

Jengo la kumbukumbu la jiji liliteketea pamoja na hati za viwanja na vyeti vya kuzaliwa. Kwa wenye viwanja, bunge la jimbo liliharakisha sheria: nenda mahakamani, onyesha kwamba ardhi iko mikononi mwako, utapata hati mpya. Kwa Wachina hakukuwa na sheria ya kuwabeba. Tangu mwaka 1882 Marekani ilikuwa imewafungia mlango vibarua wa Kichina. Lakini mwaka 1898 Mahakama Kuu ya nchi, katika kesi ya Wong Kim Ark, kijana mzaliwa wa San Francisco, iliamua kwamba aliyezaliwa Marekani ni raia hata kama wazazi wake ni Wachina. Sasa daftari la waliozaliwa halikuwapo tena. Mtu akisema alizaliwa mtaa wa Dupont, nani atamkana? Maelfu walisema hivyo. Kisha walisafiri kwao, wakarudi na kutangaza kuwa wamezaa mtoto wa kiume, na nafasi ya mtoto huyo ikauzwa kwa kijana wa ukoo au wa kijiji jirani. Vijana hao wakaitwa wana wa karatasi.

Serikali ilijibu kwa kituo cha kisiwa cha Angel, kilichofunguliwa mwaka 1910, ambako vijana walihojiwa siku nyingi: nyumba yenu ina ngazi ngapi, kisima kiko upande gani, nani anakaa nyumba ya tatu safu ya pili. Baba wa karatasi, naye, aliulizwa maswali yaleyale chumba kingine. Vijana walikariri majibu melini na kuyatupa makaratasi baharini kabla ya kufika. Wengine walichonga mashairi kwenye kuta za mbao za kituo, na kuta hizo zipo. Wapo waliobeba jina la ukoo usio wao hadi kaburini. Kwenye jiwe la kaburi utakuta jina la kiingereza la karatasi, na pembeni, kwa maandishi ya Kichina ambayo ofisa hakuweza kuyasoma, jina la kweli.

Mtaa wao wenyewe nusura upotee. Moto ulikuwa bado haujapoa pale kamati ya wakubwa, akiwamo Abe Ruef, mfungaji wa mikataba ya rushwa ya meya, ilipoanza kupanga Wachina wahamishiwe Hunters Point, pembezoni kabisa mwa jiji. Wakimbizi wa Kichina walisukumwa kutoka kambi moja hadi nyingine mara kadhaa, huku vyombo vyao vilivyonusurika vikichakurwa majivuni na waporaji, askari wakiwamo. Amri ya kuua waporaji haikufika huko. Kilichouokoa mtaa hakikuwa huruma. Mwakilishi wa serikali ya China alimweleza Gavana Pardee kwamba ubalozi wao mdogo utajengwa palepale ulipokuwa. Wenye ardhi wa kizungu walikumbuka kwamba hakuna mpangaji mwingine atakayelipa kodi kubwa kama Mchina asiyeruhusiwa kupanga kwingine. Na jiji likakumbuka ushuru wa biashara ya mashariki, ambayo miji mingine ya pwani ilikuwa tayari kuipokea. Kufa kufaana, lakini safari hii waliotaka kufaidi walipishana mlangoni. Mfanyabiashara Look Tin Eli akawahi: akawatumia wasanifu wa kizungu kujenga majengo yenye mapaa ya pagoda na rangi nyekundu na kijani, China ya kuwafurahisha watalii. Huwa nasikia watu wakiucheka mtaa ule kuwa ni wa maonyesho. Ulikuwa ngome. Jiji linaloona haya kubomoa kivutio cha watalii halioni haya kubomoa makazi ya wageni.

Vibanda vya wakimbizi navyo vinastahili neno. Vilijengwa 5,610, vya mbao, vikapakwa rangi ya kijani, na mkimbizi alilipa dola 2 kwa mwezi hadi zitimie 50. Kambi zilipofungwa, watu walivikokota kwa farasi hadi kwenye viwanja vyao, wakaunganisha viwili vitatu kuwa nyumba. Vichache vipo mpaka leo, vimefichwa ndani ya nyumba za thamani ambayo seremala wake asingeiamini.

Wafu je? Idadi rasmi ya jiji ilikuwa 478. Jiji la watu 400,000, alfajiri, wamelala, majengo ya matofali yanaanguka, moto siku tatu: 478. Idadi ndogo ilikuwa sehemu ya jina. Moto unaotoa onyo huua wachache. Miaka ya 1960 mkutubi wa jiji, Gladys Hansen, alianza kujibu barua za watu wanaotafuta ndugu zao, akagundua hakuna orodha kamili. Alikusanya majina, moja moja, kwa miongo. Alifikia zaidi ya 3,000. Wachina, ambao kwenye hesabu ya kwanza karibu hawakuwapo, wakaanza kuonekana, na wapangaji wa vyumba vya bei nafuu kusini mwa mtaa wa Market, ambao hakuna mwenye nyumba aliyewaandika. Mwaka 2005 Baraza la Madiwani lilipitisha azimio la kuiweka kando ile 478. Ilichukua karibu miaka 100 kwa wafu kuongezeka.

Na ardhi? Ardhi iliendelea na shughuli zake. Ili kuandaa maonyesho ya kimataifa ya mwaka 1915, yaliyokusudiwa kuutangazia ulimwengu kuwa jiji limefufuka kutoka majivuni, ukingo wa ghuba upande wa kaskazini ulijazwa mchanga. Maonyesho yalipokwisha, pakajengwa nyumba za kupendeza, pakaitwa Marina. Oktoba 17, 1989, saa 11 na dakika 4 jioni, tetemeko la Loma Prieta, dogo kuliko lile kwa mbali, liliua watu 63 katika eneo zima la ghuba. Pale Marina mchanga uligeuka uji. Nyumba zikapiga magoti juu ya gereji zao, mabomba ya maji ya kawaida yakakatika, na mfumo wa akiba uliojengwa kwa ajili ya siku kama hiyo ukavuja sehemu nyingine hadi tangi likakauka. Moto ukawaka. Kilichowaokoa ni kwamba upepo ulikuwa umetulia, na meli ya zimamoto iitwayo Phoenix ilikuja ufukweni kupampu maji ya ghuba. Wataalamu waliochunguza mchanga uliorushwa juu kutoka chini ya bustani za watu walikuta ndani yake vipande vya mbao zilizoungua, mabaki ya jiji la 1906.

Kila mwaka Aprili 18 watu hukusanyika gizani kwenye chemchemi ya Lotta, mtaa wa Market. Saa 11 na dakika 12 king'ora hulia. Baadaye kundi hupanda kilima hadi pembe ya mtaa wa 20 na Church, kulikokuwa na bomba moja la zimamoto lililotoa maji na kuokoa sehemu ya eneo la Mission. Wanalipaka rangi ya dhahabu, kila mwaka tabaka jipya juu ya la zamani. Dakika wanayoingojea ni ya tetemeko. Wanachokipaka rangi ni cha moto.